Chokoleti za Mama

Dalmacio, mpishi wa meli, alikuwa akiparua samaki pale Jericho, mwanafunzi wa ubaharia wa miaka ishirini, alipoweka mfuko wa chokoleti mezani.

"Wagawie wenzetu, Kaka Dal."

"Umeshinda bahati nasibu, au mchumba kakuacha?"

Kijana alitabasamu kidogo, akaondoka. Dalmacio akaweka kisu chini. Chokoleti zile alizijua. Jericho alizinunua bandari baada ya bandari, za mama yake na dada zake kule Iloilo, kwa kuwa hakuna Mfilipino anayerudi kwao kutoka baharini mikono mitupu. Anayegawa zawadi za kwao hana nia ya kufika.

Miaka tisa nyuma, kijana mwingine alimpa viatu vipya. Dalmacio akashukuru, akavivaa. Asubuhi yake kitanda cha yule kijana kilikuwa kitupu, na meli ikazunguka siku nzima bila kumpata. Viatu bado anavyo, ila hajavivaa tena.

Akamkuta Jericho ngazini, akamshika mkono. Hakuzoea kusema mambo mazito.

"Mdogo wangu, unataka kujiua?"

Jericho akaketi pale pale, akalia bila sauti.

"Nimechoka, Kaka. Usimwambie nahodha."

"Nitamwambia, na tutakwenda wote. Leo utalala chumbani kwangu, hata kama nakoroma."

Mfuko aliufungia kabatini. Hakugawa hata chokoleti moja.