Kitelezi Kilichoitwa Naibor

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Ngorongoro nimelowa ukungu. Nilitoka nyumbani Qurus alfajiri, na gari lilipoingia msituni sikuona tena barabara wala miti. Nilihisi tunaelea tu. Mkuu wa Kitengo cha Takwimu, mtu mpole mpenda chai ya maziwa, alinikalisha mbele ya kompyuta.

"Binti, hapa tunachora grafu zinazosogea. Kila utakachokiunda, kipe jina ukishike. Usipokishika, kitakufia mkononi."

Niliitikia kwa adabu. Sikuelewa hata chembe.

Kitelezi ni kile kidude cha kwenye kioo cha kompyuta unachokivuta kwa kipanya, na grafu ikabadilika mwezi baada ya mwezi. Ndani ya kompyuta kuna mfagizi asiyeonekana. Hupita akitazama: hiki kina jina linalokishika? Kisicho na jina hukiondoa kwenye kumbukumbu. Ajabu ni kwamba picha yake hubaki pale pale kwenye kioo, ila ukiivuta haisogei. Haya niliyajua kwa aibu.

Mwaka mmoja wafugaji waliomba kunywesha ng'ombe kwenye chemchemi ya hifadhi yetu wakati wa kiangazi. Mkuu wa Kanda alikuja mkutanoni na barua ya kuifunga mwaka mzima, akihofia mifugo kukutana na wanyamapori. Hesabu zangu zilisema vingine: kuanzia Agosti wanyamapori huwa wameshahama pale. Kitelezi kingewaonyesha wote, kila mnyama kitone kuzunguka chemchemi.

Kosa langu lilikuwa usafi. Mama yangu alifagia uwanja mara mbili kwa siku, nami nikarithi. Asubuhi ya mkutano niliona programu yangu imetapakaa, nikaikusanya yote ndani ya fungu moja nadhifu la maagizo, linalofanya kazi yake kisha linajifunga. Majina yaliyozaliwa humo yaliishia humo. Wala sikujaribu tena, jinsi nilivyojiamini.

Mkutanoni, mbele ya wazee wa wafugaji, nikavuta. Januari haikuondoka. Nikavuta tena.

"Bi Takwimu, mbona imekuwa picha ya ukutani?" alisema Mkuu wa Kanda, akatoa kalamu kusaini barua yake.

Nilitamani ukungu uingie ndani unifunike. Ndipo mfugaji mmoja mzee akasimama.

"Mheshimiwa, ngoja kidogo. Sisi jioni ng'ombe wakiingia bomani tunawaita majina. Jana tumemwita Naibor, ndama mweupe, hakuja. Amebaki porini anatafuta maji. Asingekuwa na jina, nani angejua hayupo? Ukifunga maji, tutaita wengi wasije."

Jina. Nikamkumbuka mkuu wangu wa kitengo na chai yake.

"Naomba dakika mbili," nilisema.

Nililiagiza lile fungu likitoe kitelezi nje kabla ya kujifunga, na huko nje nikaweka jina la kukipokea. Lililonijia kwanza ni naibor. Nikavuta. Januari ikaondoka taratibu, Machi, Juni, vitone vya wanyama vikififia kimoja kimoja. Agosti chemchemi ilibaki peke yake, ya buluu, katikati ya kioo. Mkuu wa Kanda aliitazama kwa muda, akairudisha kalamu mfukoni.

"Agosti hadi mvua, wanyweshe."

Kesho yake mzee alinitumia salamu kwamba ndama amepatikana. Nililia kwa furaha mezani pangu.

Sasa nimestaafu, nalima mbaazi Qurus. Ukungu ukishuka shambani huwa nasahau niko mwaka gani. Simu yangu ilinyamaza miezi mingi, na nakiri niliumia. Niliona kama picha yangu tu ndiyo imebaki ofisini. Juzi ikalia. Ni afisa mpya aliyeshika meza yangu.

"Shikamoo mama. Humu kwenye programu kuna jina, naibor. Halitumiki popote. Nataka kulifuta, nisafishe."

"Marahaba, mwanangu. Usilifute. Kazi yake ni kushika tu. Ukilitoa, kitelezi kinakufa."

Alijaribu kulitoa hapo hapo. Nikamsikia akiguna, kisha akilirudisha.

"Kweli mama! Naandika pembeni asije mwingine akalifuta, niseme nani kaniambia. Jina lako kamili ni nani?"

Nikalitaja polepole, herufi moja moja, hadi akamaliza kuandika.