Jiko la Xaveria na Chombo cha Kupima Moshi

Xaveria wa Sigino, ambaye watu wote walimwita Mama Marseli, alikohoa miaka kumi na mmoja. Alipimwa kifua kikuu mara tatu, na mara tatu akaambiwa hana. Majirani hawakusadiki, wakaanza kukwepa kunywea vikombe vyake. Mwenyewe alijua kinachomla. Jiko lake la matofali halikuwa na dirisha wala tundu, na humo ndimo alimochemshia kande na maharage, kwa kuni na magunzi ya mahindi, tangu aolewe.

Dawa ilikuwa kutoboa ukuta. Lakini mumewe, Paskasi, alilijenga jiko lile kwa mikono yake, na mwanamume ukigusa ukuta wake umemgusa yeye. Alisema mama yake mzazi alipika kwenye moshi mpaka akazeeka. Atatoboa siku wataalamu watakaposema.

Basi wataalamu wakaja. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu Manyara imegwe kutoka Arusha, na serikali ilitaka kujua ichunguze nini kwanza kwa afya za watu: vumbi la barabarani, moshi wa viwanda au moshi wa majikoni. Sigino zikachaguliwa nyumba arobaini. Kijana mpole aitwaye Elieshi alimwamkia Mama Marseli, akatundika chombo kidogo cheupe juu ya mafiga. Akasema kitapima hewa mpaka kesho, naye apike kama siku zote. Mama Marseli alifurahi mpaka akasahau kukohoa.

Sasa niambieni, ni mwanamke gani wa kwetu atamfukiza mgeni moshi? Na chombo chenyewe ni cha serikali, cheupe pee! Alizima moto, akafagia masizi, akasiriba ukuta udongo mpya, chakula akakipikia uani nyuma ya zizi. Kesho yake Elieshi alikichukua chombo chake kikiwa safi vilevile, akashukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo alivyowaza mama wa watu, akangoja miezi minne.

Majibu yalisomwa kwenye ofisi ya kata. Jiko la Mama Marseli, hewa nzuri. Nyumba zote, hewa nzuri, isipokuwa kwa Fabiola mpika pombe, ambaye pombe yake haikuweza kungoja wageni waondoke. Kwa hiyo moshi wa majikoni ungewekwa mwisho kabisa wa orodha. Paskasi alikunja mikono, akatazama mbele.

Mama Marseli akasimama. Aliona aibu, lakini alisema: siku ile hakuwasha moto, kwa sababu aliona vibaya kuchafua kitu cha mgeni. Elieshi akauliza taratibu kama yuko mwingine aliyefanya hivyo. Wanawake wakatazamana. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, mpaka kijana akaacha kuhesabu. Alisema ataandika barua, ila taarifa ilishafika wizarani na vyombo vilishapelekwa mkoa mwingine.

Njiani Paskasi alishikilia lake: kilichoandikwa kimeandikwa, hewa ya jiko lake ni nzuri. Hapo mke aliyekaa miaka ishirini bila kumjibu mumewe akachoka. Walipofika nyumbani aliinjika maharage, akachochea magunzi, akatoka akaketi uani.

"Baba Marseli," alimwambia, "chombo kilipima bila moto. Leo pima wewe."

Paskasi akaingia kwa ubishi, na mlango akaufunga. Maharage hayajaanza hata kutokota, akatoka ameshika magoti, anakohoa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mama Marseli hakumcheka, wala hakumpa pole.

"Rudi," alisema. "Maharage bado."

Akarudi, safari hii na mtaimbo mkononi.