Barua Iliyosema Hatujambo

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Dobi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, povu la sabuni likimchuruzika viwikoni. Alipoimaliza akaisoma tena, maana hakuamini kwamba mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuketi mezani akaandika kitu cha namna ile. Ofisi ya ruzuku ndogondogo ilikishukuru kikundi chao kwa maombi yaliyoandikwa vizuri. Ofisi ilifurahi kuona, kwa mujibu wa dodoso, kwamba wanakikundi wote kumi na wanne wana ustawi ulio juu ya wastani. Kwa hiyo, na hapa ofisi ilisikitika, msaada wa mwaka huu ungeelekezwa kwa wenye uhitaji zaidi.

"Juu ya wastani!" aliuambia ukuta, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia. "Sisi tuliotolewa juu ya mapaa kwa kamba!"

Jina alilopewa na wazazi wake analijua yeye na kitambulisho chake. Alifua mashuka ya hoteli kwa miaka ishirini na miwili, na tangu hapo kila mtu, hadi daktari wa meno, humwita Dobi. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mpiga ngumi na subira ya mtoto mwenye njaa. Ukimwambia jambo mara mbili, la pili hulisikii mwenyewe kwa namna anavyokujibu.

Mto ulipovunja kingo zake, mtaa wao ulikwenda na maji kwa asubuhi moja. Waliosalimika walihamishiwa kwenye majengo ya ghorofa nne, upande wa juu wa mji. Nisimkosee aliyeyajenga: kila nyumba ina bomba lake na kila bafu lina karo lake la kufulia. Lakini ndiyo hivyo tena, kila mtu alipata bomba lake, akafunga mlango wake, akabaki na msiba wake. Miezi mitatu Dobi hakumjua hata jirani wa mlango unaotazamana na wake.

Kufua bafuni aliona ni kifungo. Jumanne moja alibeba beseni akashuka nyuma ya jengo, kwenye sakafu ya zege ambayo wajenzi waliimwaga wakaisahau, karibu na bomba la bustani isiyopandwa kitu. Akafua huku akisonya. Jumanne iliyofuata alishuka mama mmoja mwenye pacha. Iliyofuata akaja mzee mstaafu wa posta, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa hajui kufua hata leso. Kufikia mwezi wa nne walikuwa kumi na wanne. Hakuna aliyetoa hotuba wala kuleta wimbo wa kikundi. Walifua wakizungumza, na walipokosa la kuzungumza waliendelea kufua.

Wa kumi na nne alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Mto ulimchukulia binti yake wa miaka sita. Mumewe ni dereva wa lori za masafa marefu, huwa nyumbani siku mbili kwa mwezi, na hizo mbili hulala. Siku nyingine zote wifi alikaa ndani, pazia limeshushwa, na mvua ikinyesha aliingia chini ya meza. Jumanne tu ndiyo alishuka. Alifua, akisalimiwa aliitikia, na mara mbili alicheka. Dobi alizikumbuka vizuri hizo mara mbili.

Sasa mvua za msimu zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja. Bila paa, zege lile lingekuwa dimbwi, watu wangerudi kwenye mabafu yao, na wifi angerudi chini ya meza. Mabati, nguzo sita na fundi wa kupigilia misumari: hayo tu ndiyo kikundi kiliyoomba, basi. Na ofisi inasema hawajambo.

Siku ya kufua aliwasomea barua kwa sauti, kisha akaikunjakunja.

"Nani alisema analala vizuri?"

Kila mtu aliinamia beseni lake. Maji tu yalikuwa yakimwagika.

Kijana wa ofisi alikuwa amewajia wiki tatu kabla, na simu pana kama sinia. Walimwazimia kiti, wakampa chai. Alikuwa mwembamba, kola imechakaa, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha. Akaanza kuwauliza mmoja mmoja: katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa usingizi? Ni siku ngapi umekata tamaa? Nao, watu wazima waliolelewa wakaleleka, wakamjibu mgeni kama mgeni anavyojibiwa. Hatujambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu. Za kwenu?

"Mimi nilimhurumia," alisema mama wa pacha. "Mtoto wa watu kachoka vile, nianze tena kumtwisha ya kwangu?"

"Na mimi sikusema uongo," mzee wa posta alidakia. "Nikilala, nalala vizuri sana. Shida ni huko kulala kwenyewe."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Dobi alifoka. "Mtu kaja kuwauliza ugonjwa, mnampa salamu! Nyie watu mtaniua."

"Samahani, Dobi," mama wa pacha akasema taratibu, akikamua soksi. "Si wewe uliyeanza? Alipokuuliza, ulimwambia wewe ni chuma. Tukasema basi, leo ndivyo tunavyojibu."

Ilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichomuudhi kuliko barua.

Alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza mwenye muhuri alikuwa ametoka. Mara ya pili muhuri ulikuwepo, mwenyewe hayupo. Mara ya tatu dada wa mapokezi alimwambia, bila kuinua macho, kwamba mfumo ulishapokea majibu na mfumo haurudi nyuma.

"Basi huo mfumo una heri," Dobi alisema. "Mimi kila nikija hapa narudi nyuma." Akaketi kwenye benchi, akatangaza kwamba atakaa pale mpaka ahesabiwe pamoja na samani.

Saa saba yule kijana akatoka kwenda kula, akamkuta. Akasikiliza, akajikuna shingo. Kulikuwa na nafasi ya kurudia dodoso, alisema, lakini mara moja tu, na mwisho wa kuingiza majibu ni Jumatano adhuhuri. Angekuja Jumanne.

Jumapili Dobi aliwakusanya kuwafundisha kusema ukweli. Sijui kama umewahi kuona watu wazima wakifanya mazoezi ya ukweli. Mama wa pacha alilia kwa kishindo hata mlinzi akaja mbio na rungu. Mzee wa posta akaanza kukohoa.

"Unakohoa nini?"

"Naonyesha huzuni."

"Kukohoa si huzuni, mzee wangu!"

"Kwangu hivyo viwili huja pamoja."

"Sijawaambia mtie chumvi! Semeni yaliyopo, basi. Ni kazi ngumu hiyo?" Alikuwa karibu kulia mwenyewe kwa hasira. Wifi alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono mapajani.

Jumanne kijana alikuja, kola ileile. Akapewa kiti kilekile na chai. Mama wa pacha alitangulia, akajibu "kila siku!" kwa kila swali, hata alipoulizwa ni siku ngapi amehisi furaha. Mzee alikohoa kabla ya kuulizwa. Wa tatu akamtazama kijana usoni, akayaona yale macho mekundu, na mazoezi yote yakayeyuka. "Hatujambo, mwanangu," alisema. "Wewe je, umekula?"

Hapo damu ilimchemka Dobi. Alimwinua kijana, akakitoa kiti, akamnyang'anya simu na kuiweka dirishani.

"Hapa hakai mtu na mikono mikavu," alimwambia. "Kunja mikono ya shati."

"Mama, mimi nina maswali ishirini na..."

"Utayauliza ukiwa kazini." Akachovya mkono kwenye beseni, akatoa shuka la kitanda kikubwa linalochuruzika, akampa pembe mbili. Za upande wa pili alimpa wifi yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshamaliza nguo zake.

Shuka kubwa halikamuliwi na mtu mmoja. Mnasimama mkitazamana, huyu anasokota kulia, yule kushoto, mnarudi nyuma kidogokidogo mpaka maji yatoke. Mmoja akiachia, mwenzake anakaa chini. Kijana hakujua, mara mbili alisokota upande mmoja na wifi, shuka likafunguka, na wifi akamwelekeza kwa kidevu. Mara ya tatu wakapatana.

"Uliza sasa," Dobi akasema.

Kijana akauliza kutoka kichwani, bila simu, akihema. "Katika wiki mbili zilizopita, shangazi, usingizi?"

"Nalala mchana," wifi alijibu, macho kwenye shuka. "Usiku nasikiliza bomba."

"Bomba?"

"Nisikie kama maji yanaongezeka."

Watu waliacha kusugua. Kijana alisokota tena, akauliza la pili na la tatu, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja nguo alizoleta. Na huyu aliyekuwa hasemi aliposema, wengine walifunguka. Mzee wa posta alisema, bila kukohoa, kwamba shati moja hulifua mara mbili ili asiwahi kupanda ghorofani. Mama wa pacha alisema huwafokea watoto, kisha hujifungia bafuni na kufungulia maji wasimsikie. Ndiyo kwanza Dobi alikuwa akiyasikia hayo, na alikuwa nao kila wiki.

Kijana akasita. "La tisa naomba tusiliulize hapa."

"Uliza," wifi akasema.

"Ni siku ngapi... ni siku ngapi umewaza kwamba ni heri usingekuwepo?"

Wifi aliuzungusha mkono, maji yakatiririka juu ya zege.

"Kila siku," alisema. "Isipokuwa Jumanne."

Kijana hakuliachia shuka. Wiki nzima Dobi alikuwa amegombana na barua, na benchi, na muhuri, akidhani anapigania mabati. Chumba chake na cha wifi vinatenganishwa na ukuta mmoja, naye kila asubuhi alikuwa akipita mlangoni pale akipiga kelele, "Jikaze, wifi!" Aliona aibu hata masikio yakamwaka moto.

Kijana alijifuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu, akaitazama. "Visanduku ni vinne," alisema. "Hata kidogo, siku chache, zaidi ya nusu, karibu kila siku."

"Sita katika saba ni kipi?" Dobi akauliza.

"Karibu kila siku."

"Basi bonyeza."

Akabonyeza. Kisha akaizima ile simu, akamsogelea wifi, akamwambia kuna mshauri kliniki siku za Alhamisi, mama mtulivu, na kama ataruhusu angempigia mwenyewe leo hii. Wifi akamtazama Dobi.

"Tutakwenda wote," Dobi alisema, kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawakuwahi kuijua.

Paa lilikuja, ndiyo, baada ya barua nyingine tatu na benchi ileile. Hayo ni ya ofisi, siwachoshi nayo. Ya Dobi ni ya kesho yake asubuhi, Jumatano, alipogonga mlango wa wifi yake akiwa na beseni ubavuni.

Mlango ulifunguka kiasi cha jicho. "Leo si Jumanne."

"Nani kakuuliza siku? Chukua sabuni ushuke."

"Wifi, sina nguo chafu. Tulifua zote jana."

Dobi akamsogeza pembeni, akaingia, akafungua kabati. Akayazoa mashuka yaliyokunjwa vizuri, bado yana harufu ya jua, akayatupa kwenye beseni, akaenda nalo bafuni na kulifungulia bomba hadi mwisho.

"Haya, yamelowa," alisema. "Utayaacha yanuke?"

Wifi aliyatazama yakielea. Kisha akainama chini ya karo, akaitafuta sabuni.