Injini ya Mwisho ya Baba

Mafuta ya taa yakichanganyika na udongo uliolowa mvua hutoa harufu ninayoiita harufu ya Butimba, mtaa wetu wa zamani. Masika ya mwaka mmoja baba yangu, fundi wa injini, alikuwa akiosha vyuma vya injini ya pikapu ya zamani ya Mzee Lusinge, iliyovushwa kwa kivuko kutoka Sengerema ikiwa inavutwa kwa kamba. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Nyumbani tulijua, ila hakuna aliyelitaja. Mzee alipokuja kuitazama kazi, baba alimwamkia shikamoo, kisha akamwambia, “Mzee, sioni vizuri tena. Mpelekee fundi mwingine.” “Mke wangu anaumwa,” Mzee akasema. “Ameomba nimpeleke kwao Bujora kwa gari hili hili lililomleta kwangu akiwa bibi harusi. Mikono yako ninaijua. Endelea.”

Mama, aliyekuwa mshonaji, akaiacha cherehani yake akakaa upande wa pili wa injini. Yeye alisoma vipimo. Baba alipitisha kidole ndani ya silinda taratibu, kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini sisi tulijikwaa. Injini ilipowashwa iligonga kwa sauti nzito, nami niliogopa kumtazama baba usoni. “Ni mimi,” mama akasema. “Nimesoma vibaya.” Baba akajibu, “Tumesoma wote. Tufungue.” Wakaifungua tena mpaka chini kwenye beringi, bila kulaumiana. Ilipowaka mara ya pili ilinguruma sawasawa, na Mzee Lusinge akavua kofia.

Baadaye tulisikia kwamba mke wa Mzee alifika Bujora ameketi kiti cha mbele, akashinda na dada zake, na kwamba baada ya kurudi hakuishi sana. Baba hakupokea injini nyingine.

Siku hizi haoni kabisa. Mafundi wa gari langu huchomeka kompyuta, wakasoma ugonjwa kabla ya kugusa chuma. Majuzi niliegesha mlangoni kwake, naye akatoka na fimbo. “Mbona umezima mapema?” akauliza.

“Bado linawaka, baba.”

Akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa kwa muda mrefu.

“Basi wapo wanaoijua kazi,” akasema, na mkono wake hakuuondoa.