Korongo wa Kedowa

Mashine ya kukatia napia iliponitoa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, kitu cha kwanza nilichowaza hospitalini ni kitufe cha kamera. Kamera zote nilizowahi kushika zimetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Kitufe cha kupigia picha kiko upande huo, na kidole kinachokibonyeza ndicho kile nilichokiacha kwenye majani ya ng'ombe, nyumbani kwa mama karibu na Merigi.

Nilikuwa na studio ndogo mjini Bomet. Siku za kawaida nilipiga picha za vitambulisho na za watoto wanaohitimu chekechea, Jumamosi nilipiga harusi. Lakini nikipata siku yangu mwenyewe nilikuwa nikienda mashambani na mitoni kupiga picha za ndege, maua ya porini na vilima. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na baada ya ajali ndiyo niliyoililia. Nilifunga studio, nikarudi kwa mama, nikawa mtu wa kukaa nje kwenye kiti cha plastiki na kupokea pole.

Mama yangu ni mjane mwenye chai yake na ng'ombe wake, na kubembeleza si kazi yake. Jioni moja alitoa begi la kamera chini ya kitanda, akalipangusa kwa kanga, akaliweka mezani mbele yangu.

"Hili begi ni zuri," akasema. "Kama hulitaki, nitabebea mayai sokoni."

Nilikasirika, na kwa hasira hiyo nikaitoa kamera. Nikaigeuza huku na huku nikitafuta namna ya kumwonyesha mama kwamba haiwezekani. Nilipoigeuza chini juu, nikaona kitufe kimehamia upande wa kushoto, chini, palepale kidole gumba cha mkono wangu mzima kilipokuwa. Nikaweka jicho. Dunia ndani ya kamera ilikuwa imesimama wima kama kawaida. Nikabonyeza. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kukama.

Kwa majuma mengi nilipiga picha za kuku wake. Mwanzoni nilipata vumbi na mabawa, kisha nikaanza kupata kuku. Wenyewe walinizoea hata wakaacha kunikimbia.

"Kuku si ndege," mama akasema siku moja akiwa amesimama mlangoni. "Twende nikuonyeshe ndege."

Yeye alizaliwa upande wa Kedowa. Chini ya boma la baba yake kuna bonde lenye maji na matete, na alikuwa ametuambia tangu utotoni kwamba mvua zikianza, korongo wenye taji wanashuka pale kucheza. Sisi Wakipsigis tunamwita kong'ony, na kwa ukoo wa mama ndiye ndege wao, hawamgusi wala hawamtupii jiwe. Mimi sikuwa nimewahi kuwaona wakicheza. Mama mwenyewe hakuwa amekanyaga huko tangu tumzike mjomba.

Niliazima gari la binamu yangu, lile lisilo na gia za kubadilisha, maana mkono wa kulia peke yake usingeweza kushika usukani. Tuliondoka umande ukiwa bado mzito. Mama alivaa koti la kanisani na gambuti, akapakata mwavuli na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

Tulipovuka Kericho ukungu ulianza kuinuka. Chai ilikuwa imenyooka hadi ilipokutana na mbingu, na katikati yake wachumaji walionekana kuanzia kifuani kwenda juu tu, kana kwamba wanaogelea. Nilisimamisha gari kando ya mtaro. Pembeni palikuwa na maua ya rangi ya chungwa, yale marefu yanayopanda shina kwa vishada, na juu yake chozi mmoja, ndege mdogo wa kijani kinachong'aa, alikuwa akifyonza. Nikageuza kamera. Lenzi ya mbali ni nzito, na mkono wangu wa kulia, ambao sasa ndio uliotakiwa kuibeba, ulishindwa kuituliza.

"Umempata?" mama akauliza kutoka nyuma yangu.

"Nimepata mkia."

Chozi akahamia kishada kingine. Nikabonyeza tena.

"Sasa?"

"Nimepata ua."

"Ua nalo ni kitu," mama akasema, na sikujua kama ananitania. Alikuwa amefungua mwavuli kunikinga na manyunyu, akajisahau mwenyewe, koti la kanisani likalowa mabegani.

Ndege aliruka akaenda zake. Nilibaki na yale maua, na kwa kuwa ua halikimbii, nikapiga goti kwenye majani nikatulia. Nililipiga kwa karibu, vinyweleo vyake vikiwa vimeshika matone ya umande, na nyuma yake kijani cha chai kikiwa kimeyeyuka. Nilipotazama ile picha niliona ni nzuri. Haikuwa nzuri kwa kipimo cha mtu aliyekatwa vidole. Ilikuwa nzuri, basi. Kuanzia hapo nilisimama kila mahali: mayungiyungi mekundu chini ya ua wa mtu, ng'ombe waliojipanga juu ya kilima, bati jipya likimeta katikati ya mahindi. Mama alianza kuniambia simama kabla sijaona mwenyewe.

Tulifika Kedowa jua likiwa limekwisha kupita utosini, na upande wa msituni wingu jeusi lilikuwa linajikusanya. Tuliacha gari barabarani, tukateremka kwa miguu kati ya mashamba ya viazi. Mama alikwenda mbele bila kuuliza njia. Tulipokaribia matete, mwanamume mmoja wa makamo, mwenye panga na kofia ya sufu, alitoka kwenye ua aliokuwa akiurekebisha, akasimama katikati ya kijia.

"Mnapima nini?" akauliza.

"Hatupimi," nikasema. "Tumekuja kupiga picha za korongo."

"Wa mwisho kuja na kamera walisema hivyohivyo, ni ndege tu. Baadaye tukakuta vigingi huku chini, eti maji yataondolewa palimwe. Mimi ndiye niliving'oa. Rudini tu mlikotoka."

Hakusema kwa ukali, lakini hakusogea. Nilianza kueleza habari za studio, naye akawa anautazama mkono wangu badala ya kunisikiliza. Mama akanigusa kiwiko ninyamaze.

"Wewe ni wa nani hapa?" akamuuliza.

Yule mtu akamtajia baba yake, kisha babu yake.

"Na ukoo?"

"Kong'ony."

Mama akaweka kibuyu chini, taratibu, akafunga mwavuli.

"Unaiona ile miti mirefu ya bulugamu? Pale ndipo nyumba ya baba yangu ilikuwa. Babu yako na baba yangu walichunga pamoja kwenye maji haya. Sasa niambie, ni lini umeona mtu akimfukuza senge wake asimwone ndege wa ukoo wake?"

Senge ni shangazi, dada wa baba, na kwetu kila mwanamke wa ukoo wa rika la baba huitwa hivyo. Yule mtu aliivua kofia yake, akahamishia panga mkono wa kushoto, akampa mama wa kulia.

"Chamge, senge," akamsalimu kwa sauti tofauti kabisa. "Wapo wawili na wana vifaranga. Msipite ule mti ulioanguka. Mkikaa kimya watawazoea."

Tulikaa kimya. Nilijaribu kusimamisha stendi ya kamera, lakini miguu yake ilizama topeni, na kila nilipoichomoa ilizama tena. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali. Kwenye matete vichwa viwili viliinuka, taji zao za dhahabu zikiwa kama mabua ya ngano, mashavu meupe, koo jekundu. Nilijua mkono wangu hautaweza.

"Weka hapa," mama akanong'ona, akijipiga bega.

"Mama, ni nzito."

"Nimebeba chai tangu kabla hujazaliwa. Weka."

Akasimama mbele yangu, miguu akiwa ameipanua topeni. Nikalaza lenzi juu ya bega lake, juu ya lile koti lililolowa, na kamera chini juu ikatulia kama imewekwa juu ya jiwe. Nilisikia pumzi yake. Nikisema "sasa" aliizuia, na bega halikusogea hata kidogo.

Jua lilipenya chini ya wingu, mwanga wa manjano ule unaokuja mvua ikiwa karibu kabisa. Dume akainamisha kichwa. Jike akajibu. Wakainamiana tena, kama wazee wanaosalimiana, kisha mmoja akachuna majani kwa mdomo akayarusha juu, akakunjua mabawa yake meupe na ya rangi ya kahawia, akaruka. Mwenzake naye akaruka. Wakawa wanapanda na kushuka wakizungukana, na kifaranga mmoja akatoka kwenye nyasi kuwatazama wazazi wake. Nilibonyeza, nikabonyeza. Sikuwaza mkono, wala vidole, wala mashine. Mara ya mwisho niliposahau hivyo sikuikumbuka.

Mvua ikaanguka, na korongo wakaingia kwenye matete.

Tulikimbilia nyumbani kwa yule binamu yangu mpya, mama akicheka njia nzima kama msichana. Mwenyeji wetu alitupikia chai ya maziwa mengi, nasi tukafungua mursik. Nikaanza kupitia picha. Ya kwanza nilikuwa nimekata miguu. Ya pili, bawa. Nyingine, mmoja amegeuka. Kisha nikaiona: wote wawili hewani, wamekabiliana, mabawa wazi, kila unyoya una ukingo wa mwanga, na chini yao kifaranga ameinua shingo.

Nikampa mama kamera.

"Laiti baba yangu angeiona hii," akasema, kisha akaipitisha.

Yule mwanamume aliiangalia, akaisogeza karibu na dirisha, akaiangalia tena. "Nimewaona maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kuwaona wakiwa wametulia huku wanaruka. Nitaomba moja ya ukutani."

Studio niliifungua tena. Harusi ya kwanza baada ya hapo, bwana arusi alinisogelea kwa adabu akaninong'oneza kwamba nimeishika kamera vibaya. Nikamwambia ndivyo inavyoshikwa, na bibi arusi aliyesikia akaangua kicheko, nikampiga picha katikati ya kicheko hicho. Mpaka leo ndiyo picha waliyoiweka sebuleni.

Ile ya korongo niliichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka Kedowa mwenyewe. Mama aliipakata mapajani kutoka Merigi hadi kule, hakukubali niiweke kiti cha nyuma. Majirani walikuwa wamekuja kuiona. Wakaitundika juu ya kalenda ya kanisa, na mama akapewa kiti chini yake. Aliwaeleza jinsi ilivyopigwa tangu mwanzo, akisimama kuwaonyesha bega lenyewe, na alipomaliza wakamwomba aanze tena.