Kifaa cha Kupima Vumbi

Fundi cherehani yule walimwita Mama Kung'ara, na jina hakulitafuta. Kwake hata kizingiti kilipigwa deki. Mjukuu wake alipoanza kukohoa kwa vumbi la malori ya kokoto, lilifika mtaani shirika la wanasayansi. Wao hupima, kisha huwapelekea madiwani vipimo, ili sheria zitungwe kwa ushahidi badala ya kelele. Walitaka nyumba yenye baraza ya kutundikia kifaa cha kupima vumbi. Mama Kung'ara alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na aliwahimiza majirani waliunge mkono shirika mpaka wakamchoka.

Kifaa chenyewe kilikuwa cheupe pepepe. Sasa nani aache mali ya watu iharibike? Akakishonea kifuniko chenye lesi pembeni. Asubuhi malori yakianza kupita, anakifunika. Jioni barabara ikitulia, anakifunua kifanye kazi yake. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa, maskini.

Siku ya kikao cha madiwani alikaa mbele pamoja na mkwewe, mama wa mtoto. Diwani akasoma: vipimo vinaonyesha hewa ya mtaa ni safi, malori yataendelea kupita. Ukumbi ukaguna.

"Sielewi," mtaalamu wa shirika alimnong'oneza Mama Kung'ara. "Mchana kifaa hakionyeshi vumbi hata kidogo. Kuna kitu kilikiziba?"

Mama akakumbuka kile kifuniko chenye lesi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, ikabidi asimame.

"Mchana nilikuwa nakifunika," alisema. "Kisichafuke."

Kicheko kilianzia nyuma kikafika mpaka kwa madiwani. Diwani alijifuta machozi, akasema uamuzi umeshapita. Wapime upya, waje mwakani.

Mtaalamu hakucheka. "Kosa letu, mama. Hatukukueleza vizuri."

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana walimweleza vizuri sana: kiache wazi usiku na mchana. Alisikia, akaitikia, kisha akajiona yeye ndiye anayejua kutunza vitu. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Njia nzima mkwewe alitembea hatua kadhaa mbele yake. Afadhali angemfokea. Walimkuta mtoto ameketi kitandani, anakohoa. Mkwewe akashusha begi, akaanza kutoa nguo za mtoto kabatini.

"Nampeleka kwa mama yangu," alisema kwa upole. "Mpaka mwakani."

 Mama Kung'ara akakaa kando yake, akamsaidia kuzikunja.