Poda ya Madamu wa Himbi

Léocadie alifua nguo za madamu mmoja wa Himbi, mtaa wa Wazungu, kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo alijifunza mambo mawili: kutoa madoa na kudharau watu. La pili alilimudu zaidi. Kila asubuhi alipopeleka mashuka chumbani alimkuta madamu ameketi mbele ya kioo, anajipaka poda, anajichora nyusi, anatia rangi mdomoni, naye Léocadie akaganda mlangoni akikariri kila hatua moyoni.

Basi mwaka 1956 tajiri mmoja aliyeuza vikwembe, vitambaa vya wanawake vya kujifunga, alipotafuta msichana wa kupigwa picha ya tangazo, na kuahidi kwamba atakayechaguliwa atapewa pia kazi ya kuuza dukani, Léocadie aliona Mungu amemkumbuka. Madamu alikuwa amekwisha kumwambia amlete binti yake, Marie-Louise, wafue pamoja kuanzia mwisho wa mwezi. Léocadie alikuwa tayari kufua mpaka kaburini, lakini kumwona mtoto wake ameinamia beseni lile lile, hapana.

Akafungua darasa la urembo nyumbani kwake. Mbali na Marie-Louise walikuja wasichana watano, na mwalimu akawaponda wote bila upendeleo.

“Weye, uso sawa sufuria! Na weye, hizi nyusi ulipewa na nani? Na baba yako?”

Alikuwa na kopo la poda lililotupwa na madamu, poda ya rangi ya waridi, akawapaka wote mpaka kidevuni na kuishia hapo. Uso ukawa wa mtu mmoja, shingo ya mtu mwingine. Hakuna aliyethubutu kusema, maana mwalimu alikuwa amefika Himbi na wao hawajafika.

Mukamugema, muuza maziwa wa kijiji cha Kibati, naye alimleta binti yake Mukashyaka. Alikuwa amempaka mafuta ya ng'ombe tangu utosini mpaka kwenye visigino, jinsi mama za kwao wanavyowatayarisha mabinti kwa sherehe. Léocadie akaziba pua.

“Mama Mukashyaka, hapa tunafundisha urembo. Rudisha huyu mutoto kwa ng'ombe.”

Wasichana wakaangua kicheko. Mukamugema alimshika binti yake mkono, wakaenda zao.

Jumamosi, mpiga picha Hilaire aliyetoka Bukavu aliwapanga wasichana mbele ya duka. Mukashyaka alikuwapo pia, mwisho wa mstari. Hilaire alimfunga kila mmoja kikwembe kifuani, mabega wazi, akaamuru viatu vivuliwe. Kisha akapita akitazama chini. Aliona ngozi iliyopauka na visigino vilivyopasuliwa na mawe ya volkano. Miguu ya Marie-Louise ndiyo ilikuwa mibaya kuliko yote. Mama yake hakuigusa hata kidogo. Angejuaje? Madamu alijipamba ameketi, na miguu yake siku zote ilikuwa ndani ya viatu.

Hilaire alisimama mbele ya Mukashyaka, aliyeng'aa kuanzia mabegani mpaka vidoleni.

“Huyu. Bengine muende munawe uso.”

“Mupiga picha gani anatazama miguu!” Léocadie alifoka, akatema mate.

Mwisho wa mwezi picha ilibandikwa mlangoni mwa duka. Ilionyesha mabega, mikono, kikwembe na miguu. Kichwa kilikatwa, maana tajiri yule aliuza vitambaa, hakuuza nyuso. Léocadie aliikuta asubuhi akielekea Himbi na Marie-Louise, aliyekuwa amebeba beseni, siku yake ya kwanza ya kazi. Aliitazama picha, akaona hakuna uso, na furaha ya kijinga ikampanda.

“Batu, muone!” aliwaita wanawake waliokuwa wameshuka kutoka Rutshuru na maharagwe yao. “Huyu njo Marie-Louise yangu!”

Wakasogea, wakashangaa, wakamsifu. Mukamugema alikuwa hapo na maziwa yake. Aliinamisha tu macho akaitazama miguu ya Marie-Louise. Wanawake wakafuata macho yake, mmoja baada ya mwingine, kisha wakarudi kuitazama picha, na sifa zikaisha. Mmoja akaguna.

Marie-Louise alijaribu kuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, lakini wa mbele nao ulikuwa umepasuka.

“Mama,” alisema polepole, “twende tu. Madamu iko anatungojea.”